Mwito wa Tatu

Mara ya kwanza ilikuwa saa saba mchana, jua liko utosini, Damari amekaa nyuma ya nyumba yake mpya anapepeta mahindi ya yanga, yale ya njano ya msaada. Nyumba mpya tunaisema kwa heshima tu, maana ilikuwa fito na udongo ambao haujamaliza kukauka, na nyasi za juu zilikuwa zinamwaga vumbi chunguni kila mbuzi akipiga chafya. Akasikia anaitwa.

“Damarii-yeee!”

Kuitwa si ajabu. Kijiji cha ujamaa kile kilikuwa na kaya mia mbili zimepangwa mstari kama sahani kabatini. Ukikohoa kwako, wa nyumba ya tano anakupa pole. Ajabu ilikuwa namna ya kuita. Jina lilikuwa limevutwa, mwisho wake ukashushwa taratibu ukateleza. Mtu alikuwa anaita kama anayeita juu ya maji.

Na maji yenyewe wapi! Ziwa Kitangiri lilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Pale kijijini kulikuwa na kisima kimoja cha tope, foleni yake ilianza kabla jogoo hajapata akili. Kuita hivyo nchi kavu ni kama kulala na koti la mvua. Watu watakucheka mpaka wajukuu wako.

“Damarii-yeee!”

Damari akafanya kile ambacho kila mtu wa Kisiwa cha Ndezi anafundishwa tangu ananyonya. Akanyamaza.

Hebu nikueleze, usije ukaniuliza katikati. Watu wa kisiwa hicho, nyumba zao kumi na mbili katikati ya Kitangiri, wavuvi watupu, walikuwa na sheria yao. Mtu akisimama ng'ambo, kwenye mwalo wa mitumbwi, akakuita umletee mtumbwi, humwitiki mara ya kwanza. Wala ya pili. Ziwa lina mwenyewe, na mwenyewe ni jini, na jini huyo ana sauti zote, ya mama yako anayo, ya shemeji yako anayo, ila anaita mara mbili tu. Pumzi ya tatu hana. Wazee walisema mapafu yake ni ya kambare, hee! Basi unangoja. Ukiitwa mara ya tatu, huyo ni binadamu. Unaitika haraka, mwanamke “Abee”, mwanaume “Naam”, unashika kasia. Bwana afya mmoja alisimama pale mwaloni akaita mara mbili, akaona watu wanamtazama tu kule kisiwani wamekaa wanatengeneza nyavu, akarudi alikotoka amevimba kama andazi, akasema wale watu hawana adabu. Hawana adabu! Angevumilia moja tu tena.

Damari akangoja, ungo mapajani, na mwito wa tatu haukuja. Mtu mwingine wa kisiwani angeshusha pumzi. Yeye ungo ukamponyoka, yanga ikamwagika, kuku wakaifanya sherehe. Maana sauti ile aliijua. Ilikuwa ya Marietha, mke mwenzake. Na Marietha, kwa jinsi kijiji kizima kilivyojua, alikuwa amekimbilia kwao Mitundu. Kwa jinsi Damari peke yake alivyojua, hakuwa Mitundu.

Mume wao alikuwa Alphonce, mvuvi mrefu, mpole, asiyejua kugomba. Majina yao yote ya ubatizo, lakini wake wawili. Padri alishasema akachoka, siku hizi alikuwa akifika anaomba samaki tu. Marietha alikuwa mke mkubwa. Hakubahatika mtoto. Damari alikuja nyuma, akazaa Febronia, kisha akaugua homa ya uzazi miezi mitano, na hiyo miezi mitano mtoto alilelewa mgongoni mwa Marietha. Damari alipopona, mtoto alikuwa keshachagua. Analala kwa Marietha. Anakula kwa Marietha. Akijikwaa analilia kwa Marietha. Ikafika mahali watu wa kisiwa wakawa wanamwita Marietha “Mama Febronia” mbele ya aliyezaa! Yule aliyezaa akabaki Damari tu, kama msichana asiyeolewa.

Na Marietha mwenyewe hakuwa mbaya, ndilo lililouma. Angekuwa mchawi au mchoyo Damari angepata pa kuanzia. Alikuwa anambanikia kambare mkia, sehemu tamu, anamwachia kichanjani. “Kula mdogo wangu, umekonda.” Unamchukiaje mtu wa hivyo? Damari aliweza. Alimchukia akiwa anatafuna ule mkia.

Halafu ikaja Operesheni, mwaka wa sabini na nne, mwezi wa nane. Amri ilikuwa watu wote wahamie vijijini, kando ya barabara. Alphonce alikuwa mjini Singida, kapeleka samaki wakavu na kutafuta nyuzi za nyavu dukani kwa Hirji. Asubuhi mgambo wakafika, na balozi wa nyumba kumi, Bonaventura, akatembea na daftari lake amelishika kama Biblia, akisoma majina. Mitumbwi mitatu itabeba watu kwa zamu, na baada ya hapo yote itavutwa nchi kavu, asirudi mtu.

Febronia, miaka saba, kuona bunduki akapotea. Wanawake wawili wakatafuta. Marietha akasema, “Wewe angalia huku kwenye vichanja, mimi naenda nyuma kule kwenye miamba, anapendaga kucheza kule.” Akaenda anakimbia, khanga mkononi.

Damari alimpata mtoto palepale, chini ya kichanja, amejifunika gunia, ananuka moshi. Akamvuta. Na mtoto, kitu cha kwanza kilichotoka mdomoni mwake, akapiga kelele, “Sikutaki wewe! Namtaka mama!”

Basi. Neno dogo hivyo. Damari akambeba akiwa anarusha mateke, akaingia naye mtumbwi wa mwisho, mdomo wa mtoto umebanwa begani kwake. Bonaventura akafungua daftari.

“Marietha?”

“Alitangulia mtumbwi wa kwanza.”

Akaweka alama. Mathayo, kijana wa makasia, akasukuma. Walikuwa watu tisa humo ndani, na vifaranga, na kinu. Damari alijisemea, tutafika mwaloni nitasema nimekosea, watamrudia. Acha alale na hofu kidogo, acha ajue mtoto ana mama. Hivyo ndivyo alivyojisemea.

Walipofika kama nusu ya maji, mwito ukatoka kisiwani. “Damarii-yeee!” Watu wote mtumbwini wakanyamaza, desturi. Ukaja wa pili. Wakazidi kunyamaza, wengine wakatazama miguu yao. Na Damari, akijua vizuri kabisa kwamba wa tatu unakuja, kwamba pumzi inavutwa kule kwenye miamba, akafungua mdomo akaanza kuimba. Wimbo wa kuvuta nyavu, ule wa kelele. Akauimba kwa sauti yake yote, anapiga kinu kwa kiganja, na wenzake, sijui kwa nini, wakaupokea. Mtumbwi ukawa kama harusi. Chini ya wimbo huo mwito wa tatu ukapita. Damari aliusikia wote, neno kwa neno, na ulikuwa na swali.

“Damarii-yeee! Febronia umempataaa?”

Mwaloni hakusema. Malori yalikuwa mawili, moja lilishaondoka kwenda kijiji kingine, kelele nyingi, mgambo wana haraka. Nitasema jioni. Jioni akasema kesho. Kesho yake alikwenda na wanawake ziwani kuchota maji, maana kile kisima kilikuwa hakijachimbwa bado, akaona kisiwani moshi. “Nyasi za mapaa walizochoma mgambo hizo,” akasema mmoja, na wote wakasema ndiyo. Siku ya pili moshi upo. Siku ya tatu upo, mwembamba, umenyooka, moshi wa mtu anayejua kuwasha moto. Siku ya nne haukuwapo. Damari akajaza mtungi wake akarudi nyumbani, na kuanzia hapo akawa na kitu ambacho hata angetaka kukisema, hajui tena akianzie wapi.

Alphonce aliporudi aliambiwa Marietha lazima aliondoka na lile lori la kwanza. Akaenda kile kijiji kingine, hayupo. Akafunga safari kumfuata kwao Mitundu, huko Itigi, safari ya siku nyingi kwenda na kurudi. Na ndiyo alipokuwa huko, ule mwito wa saa saba ukaanza.

Siku ya pili ulikuja tena, mara mbili, nyuma ya nyumba. Siku ya tatu ulitokea upande wa jikoni. Kisha ikaja harufu. Ile nyumba ilikuwa haijaingia samaki tangu ijengwe, watu walikuwa wanakula mlenda na yanga mpaka macho yamekuwa ya kijani, lakini Damari akifungua mlango anapigwa na harufu ya kambare wa kubanikwa, mafuta yanadondokea motoni, tamu mpaka mate yanakutoka halafu unaona haya. Jirani akapita akachungulia.

“We Damari! Unatuficha samaki?”

“Samaki gani, dada? Ingia utafute.”

Jirani akaingia akatafuta kweli, na uvungu akauinamia! Akatoka mikono mitupu, amenuna, anajinusa khanga.

Damari akainama mtungini kuchota maji, maji ya kisima cha tope, akakuta ni maangavu, na chini yametulia magamba ya samaki, yanang'aa kama kucha za mtoto. Akamwaga. Akachota mengine, akafunika na sahani na juu ya sahani akaweka jiwe, na alipofunua, magamba.

Lakini hayo yote angeyavumilia. Mtu mwenye hatia anavumilia sana, anaona kama anastahili. Lililomvunja ni Febronia. Mtoto tangu wahamie alikuwa hasemi naye. Anakula, analala, anajibu kwa kichwa. Sasa akawa anacheka. Kila mchana, watu wote wako shamba la kijiji au kivulini, Febronia anakwenda nyuma ya nyumba, anakaa chini, anacheka taratibu kama anatekenywa, na akirudi ndani gauni lake limelowa kuanzia kiunoni kwenda chini, kwenye kijiji ambacho mtu akipata kata ya maji ya kunawa uso anashukuru Mungu.

“Umelowa wapi?” Damari akamuuliza kwa kunong'ona, wala hakujua kwa nini ananong'ona.

“Kwa mama.”

“Mama yupi?”

Mtoto akamtazama kama anayemtazama mjinga. “Anasema ananitafuta. Nikamwambia mimi nipo hapa. Anasema hapana, anasema mpaka aitikiwe na aliyemuuliza. Na anasema akichoka kungoja atanichukua mwenyewe.”

Mchana uliofuata mtoto alikutwa nje ya kijiji, kwenye mashamba ya mwisho, anatembea kuelekea ziwani. Mchana wa tatu, mbali zaidi. Wa nne alirudishwa na mchunga ng'ombe, alishafika nusu ya njia, na mchunga ng'ombe akasema kitu kimoja ambacho hakukipenda hata yeye: kwenye vumbi kulikuwa na nyayo mbili, za mtoto, na za mtu mzima kando yake, na hizo za mtu mzima zilikuwa tope.

Alphonce akarudi jioni hiyo, amekwisha. Akaketi chini mlangoni.

“Mitundu hawajamwona,” akasema. “Mama yake kaniuliza, umemfanya nini mwanangu? Damari, niambie. Wewe ulimwona akipanda. Kwa macho yako ulimwona?”

“Nilimwona,” akasema Damari. Hata sauti yake mwenyewe ilimtoka kama ya mtu mwingine.

Wakaenda kwa Mzee Mughwai. Huyo alikuwa Mnyaturu, mganga, ila uganga ulikuwa hautakiwi kijijini, viongozi walishasema ni mambo ya kurudisha watu nyuma, basi alikuwa anatengeneza baiskeli. Mlango wake ulikuwa na baiskeli moja iliyopinduliwa magurudumu juu, haikuwahi kupona, ilikuwa ya kuwapumbaza viongozi tu! Ukija na ugonjwa unasema, “Mzee shikamoo, mnyororo wangu unakatika.” Naye anasema, “Marahaba, ingiza ndani tuutazame.”

Akamtazama mtoto. Akaupitisha mkono juu ya nywele zake, ukatoka umelowa. Akaunusa.

“Hili ni la ziwa,” akasema. “Linawaita mara ngapi?”

“Mbili,” akasema Damari.

“Na mtoto linamwita mara ngapi?”

Febronia mwenyewe akajibu. “Tatu.”

Mzee Mughwai akaacha kucheka, na alikuwa mtu wa kucheka. Akasema polepole, kama anaogopa kusikiwa na baiskeli, kwamba jini la Kitangiri pumzi ya tatu halina, hilo hata sisi wa huku tunajua, na kama limeipata basi limeiokota. Kuna mtu aliita mara tatu juu ya maji, mwito wake wa tatu haukuitikiwa, ukabaki unaelea pale kama ndizi iliyodondoka, jini likapita likauchukua, na sasa linatembea nao, hata nchi kavu linafika, maana mwito unakwenda mpaka alipo aliyeitwa.

“Dawa yake si ngumu. Aliyeitwa aende mwaloni, aitike alichoulizwa. Sauti itamrudia mwenyewe. Nani aliitwa?”

Alphonce akamtazama mkewe. Damari alikuwa na neno liko kwenye ncha ya ulimi, lingetoka kwa kusukumwa kidogo tu. Lakini mume yule alikuwa ametembea mpaka Mitundu na viatu vya tairi vimekatika, na macho yake yalikuwa bado yanamwamini.

“Sijui,” akasema. “Tulisikia mbili tu. Watu wote watakuambia, mbili.”

Mzee akamtazama muda mrefu. “Basi mfungieni mtoto mchana,” akasema. “Sina dawa ya asiyeitwa.”

Wakamfunga kweli. Kesho yake Damari akamfunga Febronia kwenye nguzo ya nyumba kwa khanga, kiunoni, Alphonce ameketi mlangoni kama mgambo. Saa saba ikafika. Harufu ya kambare ikaingia ndani nzito kama moshi wenyewe, na nje mwito ukaanza, “Febroniaa-yeee!”, na Alphonce, maskini, akasimama uso wote umewaka, akasema, “Huyo ni Marietha! Mke wangu karudi!” akatoka nje mbio, akazunguka nyumba, na mwito wa pili ukamwita kutoka kwa jirani akaukimbilia, na wa tatu kutoka barabarani akaufuata huko, na Damari alipogeuka kutoka kumtazama mumewe anavyokimbia huku na huku akiita jina la mtu ambaye yeye Damari alimuua, khanga ilikuwa imelala chini ya nguzo, fundo halijafunguliwa, imelowa chapachapa, na mtoto hayupo.

Damari akakimbia. Hakuvaa hata ndara. Njia ya saa mbili, jua la mwezi wa kumi linapasua mawe, na mbele yake kila hatua zile nyayo mbili, ndogo na kubwa, kavu na tope, na kila alipodhani amewakaribia alisikia kicheko cha mtoto kiko palepale mbele kilipokuwa, na nyuma yake alisikia watu, maana Alphonce alipiga yowe na kijiji kikafuata, Mathayo na Bonaventura na wengine wa mtumbwi ule, na yeye akawa anakimbia katikati, mbele yake aliyemwacha na nyuma yake watu wa kumsikia, na mdomoni mwake lile neno limejaa kama damu.

Akafika mwaloni. Mitumbwi imerundikwa nchi kavu, imepasuka kwa jua. Maji yametulia kama yamepigwa pasi. Na Febronia yuko ndani, maji yanamfika kifuani, anakwenda taratibu, mkono wake mmoja ameunyanyua juu kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima. Aliyemshika haonekani. Ila pale mkono ulipoishia, maji yalikuwa yanachuruzika kutoka hewani, tone, tone, tone.

“Febronia!” Hakugeuka.

Watu wakafika, wakahema, wakasimama. Hakuna aliyeingia. Alphonce alitaka, wakamshika watu wanne.

Na kutoka kisiwani ukaja mwito. “Damarii-yeee!”

Wote wakanyamaza, desturi. Hata hapo!

“Damarii-yeee!”

Mtoto maji shingoni. Na Damari akasikia pumzi inavutwa kule kwenye miamba, kama siku ile, pumzi ndefu ya mtu aliyechoka kutafuta, na mara hii hapakuwa na wimbo, hapakuwa na kinu, ulikuwa ukimya mtupu na watu wote wa kisiwa wamesimama nyuma yake pamoja na mume wake.

“Damarii-yeee! Febronia umempataaa?”

“Abeee!” akapiga kelele Damari, akapiga magoti kwenye tope. “Nimempata! Nimempata dada, nilimpata siku ileile! Alikuwa chini ya kichanja! Nilikusikia! Nilikusikia mara zote tatu nikaimba! Usimtafute tena, ninaye, nimempata!”

Maji yakatikisika mara moja, kama mtu anayeshusha mzigo. Mkono wa mtoto ukaanguka. Febronia akazama, na Damari akawa ameshafika, akamtoa kwa nywele, anakohoa, anatapika maji yenye magamba.

Kisha Mathayo, yule wa makasia, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto.

“Na mimi nilisikia,” akasema. “Wa tatu. Niliusikia nikaupokea wimbo. Nilisema, akianza kuimba mwenye jina lake, mimi ni nani.”

“Na mimi,” akasema mwanamke mmoja nyuma.

“Na mimi.”

Ikawa hivyo, mmoja mmoja. Bonaventura peke yake alikuwa anatazama chini, anapekua daftari lake kama kuna kitu ndani kitamsaidia. Alama ya Marietha ilikuwa pale, safi, kwa kalamu ya bluu.

Wakashusha mtumbwi mmoja uliokuwa na afadhali, Alphonce na Mathayo wakavuka. Kisiwani hawakumkuta Marietha. Walikuta mahali alipokata matete ya kujifungia chelezo cha kuvukia, na mburuzo wake mpaka majini. Basi, hakufika popote. Na kwenye kichanja walikuta samaki aliowabanika. Alikuwa akila kichwa. Mikia ilikuwa mitatu, kila mmoja juu ya jani lake, imefunikwa na jani lingine nzi wasiguse, mikavu. Ya siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Ya mtoto, akitokea mafichoni ana njaa.

Alphonce alirudi nayo imefungwa kwenye shati. Akaiweka mbele ya Damari. Hakumpiga, hakumfukuza. Alijenga kibanda mwisho wa mstari wa nyumba akahamia huko, na mpaka anakufa hakumwambia neno hata la kuomba chumvi.

Kijiji kilimpeleka Damari kwenye baraza. Lakini kila aliyesimama kumsema alikuwa wa mtumbwi ule au ndugu wa mtu wa mtumbwi ule, maneno yakawaishia njiani. Wakamwacha. Mzee Mughwai alikuja mara moja, na spana mkononi kwa ajili ya viongozi.

“Sauti ya mwenzako imerudi kwake,” akamwambia. “Imekwisha. Ila jini lililokwisha kuonja pumzi ya tatu, mama, haliridhiki tena na mbili. Litatafuta nyingine. Mtu yeyote akikuita, mwitike. Usiache mwito wa mtu ulale nje.”

Na Damari alishika hivyo. Ulikuwa ukimwita, hujamaliza jina keshaitika. “Abee!” Anaitika kunguru. Anaitika mlango ukilia. Watoto wa kijiji walikuwa wanamfanyia mchezo, wanajificha wanamwita mara kumi, naye anaitika mara kumi, wanakufa kwa kicheko, na watu wazima pia walikuwa wanacheka, Mungu atusamehe, maana inachekesha mpaka umtazame uso.

Ni mtu mmoja tu hajawahi kumwita. Febronia alikua, akawa msichana mzuri, mchapakazi, anamchotea maji, anampikia, anampaka mafuta ya mgongo. Akimtaka, anakuja anamgusa bega. Neno “Mama” hajalisema, wala “Damari” hajalisema. Tangu siku ile ya mwaloni hajalitoa kinywani jina la kumwita mwanamke huyo.

Basi siku moja, miaka imepita, wamekaa nyuma ya nyumba wote wawili, saa saba, wanamenya karanga, Febronia yuko hapa mbele yake, mdomo umefumba, anatazama karanga zake, na sauti ya Febronia ikaita kutoka upande wa ziwa, imevutwa, inateleza.

“Mamaa-yeee!”

Damari akanyanyua kichwa. Msichana hakusikia kitu, akaendelea kumenya. Harufu ya kambare ikapita, kidogo tu.

“Mamaa-yeee!”

Alijua ni jini, limeokota ule mwito ambao Febronia hakuwahi kumwita. Mtu wa kisiwani, angekosaje kujua? Angefumba masikio, angeimba, kuimba anajua. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akajiweka sawa khanga kama anayetegemea mgeni, akangoja wa tatu. Na ulipokuja, aliinuka kuelekea ziwani akiwa ameshaitika.

“Abee, mwanangu.”